Shajara ya mradi: rufaa za figo kutoka kliniki ya kisukari

Mradi huu una kazi moja: mgonjwa wa kisukari ambaye figo zake zimeanza kuharibika amfikie daktari bingwa wa figo wakati bado kuna la kuokoa, na afike na majibu ambayo bingwa anaweza kuyasoma na kuyafanyia uamuzi siku hiyohiyo. Rufaa huhesabiwa kuwa imechelewa pale mgonjwa anapomwona bingwa ikiwa imebaki chini ya miezi 3 kabla ya kuanza kusafishwa damu. Muda huo hautoshi kutengeneza fistula (ateri na vena za mkononi zilizounganishwa kwa ajili ya kusafishwa damu) ikakomaa, wala kumpima ndugu aliyejitolea figo, wala kumaliza dozi za chanjo ya homa ya ini B. Mgonjwa huishia kuwekewa katheta (mrija) ya shingoni na kuanza matibabu ambayo hajapata hata nafasi ya kuyauliza. Hapa tunaandika kilichokamilika, kilichokwama na kwa nini.

Mwezi wa 1: nani anapelekwa

Tumeanza na vigezo, kwa sababu bila vigezo kila mhudumu hupeleka kwa hisia. Wengine husubiri mgonjwa avimbe miguu, wengine hupeleka kila mwenye protini kidogo kwenye mkojo mpaka kliniki ya figo inajaa watu wasiohitaji kuwa pale, na wanaohitaji wanapangiwa miezi mbele.

Vipimo viwili vinabeba uamuzi. Cha kwanza ni kiwango cha uchujaji, kile ambacho karatasi ya maabara hukiandika eGFR, kinachokokotolewa kutokana na kreatinini ya damu (taka ya misuli ambayo figo huichuja), umri na jinsia, na kuandikwa kwa mililita kwa dakika kwa mita za mraba 1.73 za mwili. Cha pili ni uwiano wa albumini (protini ya damu inayovuja figo zikiharibika) kwa kreatinini kwenye mkojo, ACR. Kimoja bila kingine ni nusu ya picha: mtu anaweza kuwa na uchujaji wa 85 huku akimwaga albumini nyingi sana, na mwingine akawa na 40 bila albumini yoyote ya maana. Hawa wawili hawana mwelekeo mmoja wala uharaka mmoja.

Vigezo vilivyokubaliwa na kubandikwa kwenye kila chumba cha daktari:

- Uchujaji chini ya 30, uliothibitishwa kwa kipimo cha pili.
- Uwiano wa albumini wa 300 mg/g au zaidi (takriban 30 mg/mmol) unaoendelea licha ya matibabu.
- Uchujaji unaoshuka zaidi ya 5 kwa mwaka mfululizo, au ulioshuka kwa robo au zaidi na kuingia daraja jipya la ugonjwa wa figo.
- Damu kwenye mkojo isiyo na maelezo, hasa ikiambatana na albumini.
- Shinikizo la damu lisilodhibitika kwa dawa 4.
- Potasiamu inayokataa kurudi kawaida.
- Dalili kwamba ugonjwa wa figo huenda hautokani na kisukari.

Kigezo cha mwisho ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Kuwa na kisukari hakumkingi mtu na magonjwa mengine ya figo. Mashaka yanapaswa kuamka pale albumini inapopanda ghafla ndani ya wiki chache, mgonjwa anapovimba mwili mzima, uchujaji unapoporomoka haraka, au mkojo unapoonyesha chembe nyekundu zilizoharibika umbo. Kwa kisukari cha aina ya 1, ugonjwa wa figo unaojitokeza kabla ya miaka 5 tangu kisukari kugunduliwa, au kwa mtu ambaye retina yake ni safi kabisa, unahitaji maelezo mengine. Kwa aina ya 2 retina safi haitoshi kuamua, kwani wengi wana ugonjwa wa figo wa kisukari bila madhara ya macho. Mgonjwa wa kundi hili anaweza kuhitaji kutolewa kipande cha figo kwa uchunguzi, na dawa itakayomponya huenda ikawa tofauti kabisa na za kisukari. Kwa hiyo hasubiri uchujaji ufike 30.

Mwezi wa 1, wiki ya mwisho: kreatinini na vizio vyake

Tulipopitia majalada tulikuta kreatinini imeandikwa peke yake, bila uchujaji, tena mara kwa mikromoli na mara kwa miligramu. Hili ni tatizo la hatari. Chukua kreatinini ya mikromoli 150 kwa lita. Kwa mwanamume wa miaka 25 hiyo ni uchujaji wa takriban 57. Kwa mwanamke wa miaka 60 ni takriban 34. Daktari aliyezoea kuangalia kreatinini tupu atasema wote wawili "wamepanda kidogo", kumbe mama huyo yuko hatua chache tu kutoka kwenye kigezo cha rufaa.

Hesabu tunayotumia kupata uchujaji ni mlinganyo wa CKD-EPI wa mwaka 2021, usio na kipengele cha rangi ya mtu. Maabara imeombwa kuichapisha yenyewe kwenye kila jibu la kreatinini. Pale ambapo mashine haifanyi hivyo, karani wa majalada anaikokotoa na kuiandika kwa kalamu nyekundu pembeni. Kubadili kizio: miligramu kwa desilita zidisha kwa 88.4 upate mikromoli kwa lita. Kwa mkojo: mg/mmol zidisha kwa 8.84 upate mg/g. Namba hizi mbili zimebandikwa juu ya meza ya karani.

Yanayoharibu jibu la kreatinini: nyama iliyopikwa iliyoliwa saa chache kabla ya kipimo hupandisha, misuli mingi hupandisha, mguu uliokatwa au kukonda sana hushusha, na hivyo kumfanya mgonjwa aonekane mzima kuliko alivyo. Hili la mwisho ni muhimu sana kwenye kisukari, ambako waliokatwa miguu si wachache. Kwao, palipo na uwezo, sistatini C, protini ya damu isiyotegemea sana misuli, hutoa jibu la kuaminika zaidi. Njia ya zamani ya maabara ya kupima kreatinini, ya Jaffe, nayo huvurugwa na ketoni na sukari iliyopanda sana, kwa hiyo kreatinini iliyopimwa siku ambayo mgonjwa ana sukari ya kutisha haiingii kwenye mfululizo wa kupimia mwelekeo.

Mwezi wa 2: mkojo

Hapa ndipo kazi ilipokuwa nzito.

Kijiti cha mkojo kilikuwa ndicho kipimo pekee kwa wagonjwa wengi. Kijiti kinagundua albumini ikiwa nyingi tayari. Kiwango cha kati, cha 30 hadi 300 mg/g, mara nyingi kinakipita kimya. Hicho ndicho kiwango ambacho dawa zina nafasi kubwa ya kubadili mwendo wa ugonjwa. Kwa hiyo "kijiti safi" hakitoshi kumwambia mgonjwa wa kisukari kwamba figo zake ni salama.

Tatizo la pili: albumini kupimwa bila kreatinini ya mkojo. Albumini ya miligramu 90 kwa lita haisemi lolote. Ikiwa kreatinini ya mkojo ni milimoli 2.5 kwa lita, yaani mkojo mwepesi, uwiano ni 36 mg/mmol na mgonjwa yuko daraja la juu kabisa la albumini. Ikiwa ni milimoli 18, yaani mkojo mzito, uwiano ni 5 tu. Fomu ya maabara sasa haina kisanduku cha albumini peke yake. Kimefutwa, na kilichobaki ni cha uwiano.

Utaratibu wa kukusanya: mkojo wa kwanza wa asubuhi, wa katikati, kwenye kopo safi. Kopo linakabidhiwa mgonjwa siku ya kliniki ili alete mkojo safari inayofuata. Kama hakuweza, mkojo wa wakati wowote unapokelewa, lakini jibu likizidi 30 mg/g linarudiwa kwa mkojo wa asubuhi. Usipopimwa siku hiyo, mkojo unakaa kwenye jokofu la nyuzi 4 na usizidi siku 7. Kuugandisha kwenye friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri hushusha albumini, kwa hiyo tumekataza.

Mkojo haupimwi mgonjwa akiwa na homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi, moyo ulioshindwa, sukari au shinikizo lililopanda kupita kiasi, au akiwa amefanya mazoezi mazito ndani ya saa 24. Kila mojawapo hupandisha albumini kwa muda. Ili tuseme albumini imepanda kweli, vipimo 2 kati ya 3 ndani ya miezi 3 hadi 6 vinapaswa kukubaliana. Ratiba ya uchunguzi: aina ya 2 tangu siku ugonjwa unapogunduliwa, aina ya 1 kuanzia mwaka wa 5, kisha kila mwaka.

Hali: utaratibu unafanya kazi. Kinachosumbua bado ni wagonjwa wanaopimwa mara moja, wakakutwa na albumini, kisha kipimo cha kuthibitisha kisifanyike. Muuguzi wa zamu sasa anaandika tarehe ya kurudia palepale jibu linapoingia, bila kungoja daktari aseme.

Mwezi wa 3: dawa zinaanza kabla ya rufaa

Tumeliandika hili kwa herufi kubwa kwenye mwongozo wetu kwa sababu madhara yake tunayaona kila wiki: mgonjwa anaandikiwa rufaa, halafu kila mtu anakaa kumsubiri bingwa. Foleni ya kliniki ya figo inaweza kuwa ya miezi. Katika miezi hiyo mgonjwa mwenye albumini nyingi na shinikizo la 160 anapoteza figo bila dawa, wakati dawa anazohitaji zipo kwenye duka la dawa la kliniki hiyohiyo aliyotoka.

Mwenye shinikizo la juu na albumini anaanzishiwa dawa ya shinikizo inayolinda figo, ya kundi la enalaprili au la losartani, moja kati ya hizo, kamwe si zote mbili kwa pamoja: kuzichanganya huongeza potasiamu na kuumia kwa figo kwa ghafla. Dozi inapandishwa mpaka ile ya juu anayoivumilia. Kreatinini na potasiamu vinapimwa wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza na baada ya kila kupandisha dozi. Kreatinini ikipanda mpaka asilimia 30 tunavumilia na kuendelea. Mfano: kutoka 130 kwenda 165 ni asilimia 27, dawa inaendelea. Kutoka 130 kwenda 175 ni asilimia 35, hapo tunatafuta sababu: je, ameharisha, anatumia diklofenaki, dozi ya dawa ya kukojoza ni kubwa mno, au mishipa inayoingia kwenye figo imeziba? Kosa la kawaida ni kuifuta dawa kwa kupanda kudogo, na mgonjwa asirudishiwe tena. Kwa mwanamke anayeweza kupata mimba, mazungumzo ya uzazi yanatangulia, kwani dawa hizi zinamdhuru mtoto tumboni.

Dapagliflozini au empagliflozini, dawa za kisukari zinazotoa sukari kupitia mkojo, inaanzishwa kwa kisukari cha aina ya 2 uchujaji ukiwa 20 au zaidi, na huendelea hata ukishuka chini ya hapo mpaka mgonjwa anapoanza kusafishwa damu. Majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2019 (CREDENCE) na 2020 (DAPA-CKD) yalionyesha kwamba kundi hili huchelewesha figo kushindwa, na ndiyo sababu hatukubali tena lisubiri idhini ya bingwa. Mgonjwa anaelezwa mapema kuhusu fangasi za sehemu za siri, usafi wake, na kuisimamisha siku 3 kabla ya upasuaji mkubwa. Uchujaji unaposhuka kidogo katika wiki za mwanzo, hiyo ni kazi ya dawa yenyewe na si sababu ya kuiondoa.

Metformini: nusu ya dozi ya juu uchujaji ukiwa kati ya 30 na 44, inasimamishwa chini ya 30. Glibenklamidi tunaiondoa mapema, kwa sababu mabaki yake hukaa mwilini figo zinapochoka na sukari huanguka usiku. Insulini nayo hudumu zaidi mwilini, hivyo mgonjwa ambaye ghafla "anapona kisukari" na kuhitaji insulini kidogo anapimwa figo kwanza kabla ya kupongezwa.

Kadi ya siku za ugonjwa imechapishwa kwa maandishi makubwa: ukitapika, ukiharisha au ukishindwa kula na kunywa, simamisha metformini, dawa za kundi la enalaprili na losartani, dawa za kukojoza, na dapagliflozini au empagliflozini, mpaka utakapokula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Insulini usiiache bila ushauri. Diklofenaki na ibuprofeni usizitumie kabisa.

Mwezi wa 4: barua

Barua nyingi zilizopita zilikuwa na mstari mmoja: "Mgonjwa wa kisukari, kreatinini imepanda, tafadhali msaidie." Bingwa anayepokea barua hiyo hana la kufanya siku ya kwanza isipokuwa kuagiza vipimo upya, na mgonjwa amesafiri bure.

Barua mpya ni ukurasa mmoja. Juu kabisa ni swali: tunataka bingwa atusaidie nini? Kutambua chanzo, kudhibiti shinikizo, kuandaa usafishaji damu, au ushauri tu bila kumwona mgonjwa? Kuandika swali kumepunguza rufaa kuliko hatua nyingine yoyote, maana mara nyingi jibu hupatikana kwa simu au ujumbe kati ya madaktari.

Chini ya swali: aina ya kisukari na mwaka kilipogunduliwa, hali ya retina na tarehe ilipoangaliwa, viwango vyote vya uchujaji vya miaka 2 vikiwa na tarehe, angalau 3 kama vipo, viwango vyote vya uwiano wa albumini na kizio chake, potasiamu, bikaboneti, hemoglobini, kalsiamu na fosfati kwa walio na uchujaji chini ya 45, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa takriban miezi 3), shinikizo la kliniki tatu za mwisho, dawa zote na dozi, pamoja na zilizowahi kuachwa na sababu, uzito, jibu la kijiti kuhusu damu, na picha ya ultrasaundi ya figo na kibofu.

Kuhusu ultrasaundi, mambo mawili. Figo za kisukari mara nyingi hubaki na ukubwa wa kawaida hata ugonjwa ukiwa umekomaa, kwa hiyo ripoti ya "figo za ukubwa wa kawaida" isimtulize mtu. Na kisukari hulegeza kibofu: mkojo unaobaki baada ya kukojoa unaweza kurudi nyuma na kuziumiza figo. Ndiyo maana fomu inadai kibofu kipimwe kabla na baada ya kukojoa.

Kuhusu HbA1c: kwenye uchujaji chini ya 30 hutoa picha nzuri kuliko hali halisi, kwa sababu chembe nyekundu huishi muda mfupi. Daftari la sukari za nyumbani linaambatishwa.

Mwezi wa 5: wasiopita kwenye foleni

Orodha fupi, na hawa wanapigiwa simu wakiwa bado kitini: potasiamu ya milimoli 6.5 kwa lita au zaidi (damu irudiwe mara moja kama sampuli ilikaa muda mrefu au chembe zimepasuka, lakini kipimo cha umeme wa moyo kisisubiri jibu la pili). Kreatinini iliyopanda mara 1.5 ndani ya siku 7, maji kwenye mapafu yasiyoondoka kwa dawa, kuchanganyikiwa au kutapika kwa mwenye uchujaji chini ya 15, mkojo uliokauka. Hawa hawapewi barua ya kliniki, wanapelekwa hospitali siku hiyo.

Mwezi wa 6: wanaopotea njiani

Kuandika barua si kufika. Tumeanzisha rejista yenye safu hizi: tarehe ya barua, tarehe ya miadi, amefika au hakufika, barua ya majibu imerudi au la, hatua inayofuata na jina la muuguzi anayehusika. Inapitiwa kila Ijumaa. Ambaye barua yake haijapata tarehe ya miadi ndani ya wiki 2 anafuatiliwa na kliniki, si na yeye mwenyewe.

Sababu za kutofika, kama wagonjwa wanavyozieleza, ni umbali, gharama, kutojisikia mgonjwa, na hofu kwamba kliniki ya figo maana yake ni mashine ya kusafisha damu. Hofu hiyo inatibika kwa maneno ya wazi kabla ya barua kuandikwa: "Unapelekwa ili mashine icheleweshwe, ikiwezekana isihitajike kabisa." Kutojisikia mgonjwa kunahitaji kumwonyesha grafu ya viwango vyake mwenyewe. Ndugu anayemsindikiza anaalikwa aingie ndani, maana uamuzi wa safari na gharama mara nyingi ni wa nyumba nzima.

Mwezi wa 8: hatari badala ya namba moja, na mkono wa fistula

Tumeongeza mlinganyo wa hatari ya figo kushindwa uliochapishwa mwaka 2011 na Navdeep Tangri na wenzake nchini Kanada. Unahitaji vitu 4 tulivyo navyo tayari: umri, jinsia, uchujaji na uwiano wa albumini, kwa walio na uchujaji chini ya 60. Hatari ya miaka 5 ikifika asilimia 3 hadi 5, rufaa inazingatiwa hata kama uchujaji bado uko juu ya 30. Hatari ya miaka 2 ikizidi asilimia 40, ni wakati wa kupanga fistula na kuzungumzia upandikizaji. Faida yake inaonekana pande zote mbili: mzee wa miaka 82 mwenye uchujaji thabiti wa 28 na albumini ndogo anaweza kufuatiliwa nyumbani kwa ushauri wa bingwa, wakati kijana mwenye 48 na albumini ya 2,000 mg/g anasogezwa mbele ya foleni.

Kwa kila mwenye uchujaji chini ya 30: damu inatolewa mgongoni mwa kiganja, si kwenye mkono wa juu wala kiwikoni, na mkono asioutumia kuandika ndio unaolindwa zaidi. Vena iliyoharibiwa na sindano na kanula haifai tena kwa fistula, na fistula inahitaji miezi kukomaa. Kadi yake ina mstari unaosema hivyo, na wahudumu wa maabara wamefundishwa kuusoma. Chanjo ya homa ya ini B inaanza sasa, kwa sababu mwili huitikia vizuri zaidi kabla figo hazijachoka kabisa. Mgonjwa asiyetaka kusafishwa damu bado anapelekwa: matibabu ya kupunguza dalili bila mashine ni njia halali na inahitaji bingwa wake.

Yaliyo wazi hadi sasa

Barua za majibu kutoka kliniki ya figo bado zinachelewa, na nyingine hazisemi nani atapima nini na lini. Tumependekeza fomu ya kurudisha yenye mistari 3: dawa zilizobadilishwa, vipimo ambavyo kliniki ya kisukari itafanya na kila baada ya muda gani, na kiwango ambacho kikifikiwa mgonjwa arudi kwa bingwa. Mpaka hapo ratiba yetu ya vipimo inafuata daraja la mgonjwa: uchujaji wa 30 hadi 44 wenye albumini ya kati mara 3 kwa mwaka, na wa 15 hadi 29 wenye albumini nyingi mara 4 au zaidi.

Uchunguzi wa retina bado ndio kisanduku kinachoachwa tupu mara nyingi kwenye barua. Kazi ya mwezi ujao ni kuuweka siku moja na kipimo cha mkojo cha kila mwaka, mgonjwa afanye vyote kwa safari moja.